Ukumbi wa taifa, ufunguo wa nani?

*Nairobi mwaka 1976 watazamaji walisimama kwenye viti, wakacheza, wakatoka na ngoma yao hadi barabarani. Vijana wa Mikindani na Mtwara mnaoota jumba la sanaa, kisa hicho kinawahusu.*

Opera, kwa lugha ya kijiweni, ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayesema. Wote wanaimba. Mtu akiomba maji anaimba, akiachwa na mpenzi anaimba, akichomwa kisu anaimba kwanza robo saa nzima ndipo anakata roho. Baleti nayo haisemi wala haiimbi. Hadithi yote inasimuliwa kwa mwili, tena akina dada wakiwa wamesimama juu ya ncha za vidole kama wanaokanyaga makaa.

Usicheke sana, mshikaji. Mzungu akija kwenu akakuta watu wanakesha na ngoma mpaka jogoo anawika, naye anashangaa vilevile. Kila kabila na uchizi wake.

Tofauti ni kwamba wenzetu uchizi wao waliujengea nyumba. Na jumba la opera na baleti si ukumbi wa harusi unaopanga viti vya plastiki ukamaliza. Mbele ya jukwaa kuna shimo wanamokaa wapiga fidla na tarumbeta ili wasimzibe mchezaji. Juu ya jukwaa kuna mnara mrefu ambao mapazia na picha za mandhari hupandishwa humo kwa kamba na vyuma. Sakafu ni ya mbao iliyowekewa mbao nyingine chini yake, inadunda kidogo, ili anayeruka asivunje goti. Viti vyote vinatazama upande mmoja. Taa zikizimwa, kimya. Ukikohoa unageukiwa.

Hata ndugu zetu wa Muscat, mji ambao Kiswahili kina wenyewe kabisa, wanalo. Sultani Qaboos alilifungua Oktoba 2011 kwa opera ya Turandot ya Mtaliano Puccini. Lina viti kama 1,100, marumaru kila upande, na ukifika umevaa ovyo huingii. Ukoo ule ule wa Al Busaid ndio uliotoa masultani wa Zanzibar, waliowahi kuipeperushia bendera yao hata Mikindani. Kwa hiyo usiseme opera ni mambo ya ng'ambo yasiyotuhusu. Jamaa zetu wanakata tiketi.

Karanga zingekubali...

Huku kusini jumba la namna hiyo halijawahi kusimama. Wajerumani walipojenga Boma la Mikindani mwaka 1895 walikuwa wanafikiria bunduki na kodi, si fidla. Waingereza walipozuka mwishoni mwa miaka ya 1940 na ndoto yao ya karanga, waliuchora mji mpya wa Mtwara kwa mbwembwe zote: barabara pana, bandari ya kina kirefu, reli ya kwenda Nachingwea. Mji ulichorwa kwa ajili ya watu wengi kuliko waliokuja. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, umeshameza paundi za Kiingereza zipatazo milioni 36, na baadaye hata reli ikang'olewa.

Karanga zingekubali, nani ajuaye? Huenda leo tungekuwa na jumba la baleti pale Shangani, na babu zetu wangekuwa wamezeeka wakilichungulia kutoka nje ya ua.

Hilo la kuchungulia usidhani ni utani. Kwa majirani zetu lilitokea kweli.

Nairobi: nyumba ya taifa, shoo za wengine

Ukumbi wa taifa wa Kenya, wenyewe wanauita Kenya National Theatre, ulifunguliwa mwaka 1952. Kumbuka mwaka huo. Ndio mwaka ambao, tarehe 20 Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na vijana wa Mau Mau wakawa wanasakwa msituni. Mwaka huo huo, mjini linafunguliwa jumba la starehe lenye jina la taifa.

Na pale lilipo si pa kawaida. Ng'ambo ya barabara kuna hoteli ya Norfolk, kijiwe cha walowezi tangu zamani. Jirani kuna Chuo Kikuu, redio ya taifa na kituo kikuu cha polisi. Mtaa huo huo mwaka 1922 watu waliokuwa wanadai Harry Thuku aachiwe walimiminiwa risasi, na walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao wakafyatua za kwao.

Basi uhuru ukaja 1963. Bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika. Ukumbi je? Jina lilikuwa lile lile la taifa, na kwa miaka mingi jukwaani waliendelea kutawala vichekesho na nyimbo za London zilizochezwa na Wazungu wa hapo mjini.

Kitimtim chenyewe kilizuka 1976. Nchi za Kiafrika zilikuwa zinajiandaa kwa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililopangwa kufanyika Lagos mapema 1977. Kenya ilichagua michezo miwili ya kuipeleka huko. Mmoja ulikuwa wa Francis Imbuga, Betrayal in the City. Wa pili ulikuwa wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, The Trial of Dedan Kimathi, ambao baadaye tuliusoma kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kikundi kiliongozwa na Seth Adagala. Wakaona ni busara kuionyesha kwanza nyumbani mwezi wa Oktoba, wananchi waione kabla ya Wanaijeria. Tena mji ulikuwa unajiandaa kupokea mkutano mkuu wa UNESCO, wageni wa dunia nzima wako njiani.

Wakaenda kuomba tarehe. Wakaambiwa nafasi hakuna! Kalenda imejaa. Imejaa nini? Kichekesho cha Kiingereza chenye nyimbo, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, na baleti ya vijana kutoka Ufaransa.

Yaani nchi ina miaka 13 ya uhuru, ina ukumbi wa taifa, ina michezo ya taifa inayokwenda kuiwakilisha Afrika nzima ikiona, na hao wenye taifa wanaambiwa wasubiri Wafaransa wamalize kusimama kwenye vidole.

Yakazuka majibizano makali, na magazeti nayo yakaingia ulingoni. Mwisho wa yote kikundi kikakatiwa siku 8 kwa michezo yote miwili. Siku 4 kwa Imbuga, siku 4 kwa Kimathi.

Ngoma yatoka mlangoni

Tarehe 20 Oktoba 1976, siku ya kukumbuka kutangazwa kwa Hali ya Hatari, mchezo wa Kimathi ukafunguliwa. Nyumba ikafurika. Hebu fikiria waliokuwa mle ndani: watu waliokuwa na baba zao na wajomba zao msituni, leo wanamwona shujaa wao jukwaani, katika jumba lililofunguliwa wakati yeye anawindwa.

Mchezo ulipofika kwenye wimbo na ngoma ya mwisho, kanuni zote za jumba la Kizungu zikavunjika. Watazamaji hawakukaa kupiga makofi. Walisimama, wakaingia kwenye ngoma pamoja na wachezaji, wakatoka nayo mlangoni, wakaishika barabara wakielekea Norfolk. Polisi wakawakatia njia, wakarudishwa.

Ngugi alieleza baadaye kwamba yeye na Adagala waliitwa makao makuu ya upelelezi kuhojiwa. Kosa lenyewe? Eti wanaingilia michezo ya Wazungu katika ukumbi wa taifa. Soma tena sentensi hiyo taratibu.

Ngugi hakurudi kupigana na kalenda. Mwaka 1977, akiwa na Ngugi wa Mirii, alikwenda kijijini Kamiriithu, Limuru. Wakulima na vibarua wa huko wakajenga jukwaa kwa mikono yao, halina paa, lina nafasi ya watu 2,000. Wakacheza Ngaahika Ndeenda kwa Kikikuyu. Watu wakaja kwa mabasi. Novemba 1977 kibali kikafutwa, na tarehe 31 Desemba Ngugi akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima.

Alipotoka hakukoma. Mwaka 1982 wakaandaa mwingine, Maitu Njugira, wenye nyimbo tele, wakapanga kuuleta katika ukumbi ule ule wa taifa. Siku ilipofika wakakuta milango imefungwa. Wakahamia ukumbi wa Chuo Kikuu kufanya mazoezi, na watu wakajaa kuyatazama mazoezi yenyewe mpaka napo pakafungwa. Mwezi Machi askari wakaenda Kamiriithu wakalibomoa lile jukwaa la wanakijiji.

Angalia mantiki yake. Jumba la saruji lilifungwa kwa kufuli, jukwaa la miti likavunjwa kabisa, kwa sababu lile halikuwa na kufuli ambalo serikali ingeweza kulishika.

Kampala: aliyelipa kwa roho yake

Uganda nao walijengewa la kwao, likafunguliwa 1959. Hili kwa sura ndilo la kisasa hasa. Lilichorwa na kampuni ya Peatfield na Bodgener, hao hao waliochora jengo la Bunge lililo jirani yake, na uso wake wa mbele umefunikwa na ukuta wa zege uliotobolewa matundu kwa urembo, upepo unapita na jua linakatwa. Leo ukipita Kampala bado linakuvutia.

Lakini nalo mwanzoni lilikuwa uwanja wa wageni na michezo yao ya Kiingereza. Mwaka 1965 Makerere wakaona wasiwasubiri wananchi wafike mjini. Wakaanzisha kikundi cha kuzunguka, wanapakia vifaa kwenye gari, wanakwenda vijijini kucheza bure kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo.

Kisha akaja Byron Kawadwa. Huyu bwana aliandika kwa Kiganda, akaleta nyimbo na ngoma za Buganda jukwaani. Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo, aliutengeneza na mwanamuziki Wassanyi Serukenya mwaka 1971. Ukitaka kuuita opera ya Waganda hakuna atakayekushika shati. Foleni zikawa za wenyeji sasa. Kawadwa akapewa kuuongoza ukumbi wenyewe. Ufunguo ukawa mkononi mwa mwenye nyumba.

Mapema 1977 alikwenda FESTAC Lagos na mchezo huo wa jogoo. Tamasha lile lile walilokwenda Wakenya na Kimathi. Aliporudi, watu wa usalama wa Idi Amin walimchukua, wakamuua. Jogoo aliyewika jukwaani alikuwa amesikika mpaka ikulu.

Ndiyo maana nasema habari za majumba haya si za starehe peke yake.

Baleti haina kosa

Sasa kuna watakaoruka: kumbe baleti ni adui! Hapana. Ukumbi wa Nairobi ulikarabatiwa ukafunguliwa upya Septemba 2015. Tangu hapo vijana wa Dance Centre Kenya wamecheza humo The Nutcracker, baleti yenye muziki wa Mrusi Tchaikovsky, na wachezaji wengi ni watoto wa Kenya. Mmoja wao, Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa vibanda wa Kuwinda, alifika mpaka shule ya English National Ballet huko London. Kijana amesimama kidedea, nani atamwambia hiyo si ngoma yake?

Na Mei 2022 Ngaahika Ndeenda, ule mchezo uliompeleka Ngugi kizuizini, ulichezwa katika ukumbi huo huo wa taifa, kwa Kikikuyu na kwa Kiingereza. Miaka 45 imepita. Micere Mugo alifariki 2023, Ngugi 2025. Wote wawili waliishi hadi kuusikia mlango huo ukifunguka.

Jengo ni lile lile. Kilichobadilika ni kalenda.

Na sisi je?

Tanzania tulipita njia nyingine. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akiwa ndiyo kwanza ameapishwa kuwa Rais, aliwasema wasomi waliojua rumba na waltz huku ngoma za kwao hawazijui, akaunda wizara ya utamaduni na vijana. Hatukujenga jumba la taifa kama la Nairobi. Tukaunda Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ukumbi mkubwa wa chuo hicho uliungua 2002, ukajengwa mwingine.

Na katika safari hiyo, mkoa uliotajirisha jukwaa la taifa ni huu wetu. Sindimba ya Wamakonde ilipandishwa jukwaani, ikachezwa mbele ya marais wa nchi za watu. Lakini nayo ilitozwa ushuru. Ngoma ya saa nyingi ikawa ya dakika chache. Waliokuwa wanatazamana kwenye duara wakaambiwa wajipange mstari wamtazame mgeni rasmi.

Chukua na mapiko. Mchezaji amevaa kinyago kichwa kizima na anaona kupitia mdomo wa kinyago chenyewe. Ngoma nyingine ndogo zina mguu uliochongoka, zinachomekwa ardhini ndipo zipigwe kwa fimbo nyembamba. Watu wamezunguka pande zote, na lipiko anawavamia, watoto wanatimka, wanarudi, anawavamia tena. Huko kutimka ndiko mchezo wenyewe. Sasa mpeleke huyo kwenye jumba la baleti: ngoma utaichomeka wapi kwenye sakafu ya mbao? Mtoto atatimkia wapi katikati ya safu za viti?

Kwa hiyo ile sakafu inayodunda haikuwekwa kwa nia mbaya. Iliwekwa kwa goti la mtu fulani. Swali ni goti la nani.

Mtwara hatujakosa sanaa. Tamasha la MaKuYa, yaani Makonde, Makua na Yao, limekuwa likiwakusanya wachezaji wa mkoa mzima pale Mtwara mjini. Watu wanajaa, vumbi linapaa, usipime. Kinachokosekana ni mahali pa kudumu: pa kufanyia mazoezi, pa kuhifadhi vifaa, penye paa masika yakija, penye taa. Kulitamani jumba si ulimbukeni. Ni haki.

Ila siku mfadhili, serikali au tajiri wa korosho atakapoleta ramani, vijana wa Mikindani, Chikongola na Shangani msikimbilie kuuliza lina viti vingapi na kiyoyozi. Ulizeni haya matano:

Kwanza, kalenda. Nani anaiandika, na kikundi cha hapa kikigongana na cha kutoka nje, nani anasogea?

Pili, sakafu. Kuna sehemu ya udongo ya kuchomeka ngoma, na nafasi ya watu kukaa duara? Au mchoro umenakiliwa kutoka kwingine kama ulivyo?

Tatu, kiingilio. Mvuvi wa Mikindani na mama muuza samaki wataingia, au ni jumba la wenye magari?

Nne, lugha. Kimakonde na Kiyao vitapanda jukwaani kama vilivyo, au mpaka vivalishwe tai?

Tano, mlango. Mchezo ukiwachoma wakubwa, nani ana mamlaka ya kufunga kufuli, na nani wa kumkatalia?

Majibu yakiwa mazuri, basi karibuni na baleti pia, na opera, na huyo wa kuimba robo saa na kisu kifuani. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji awe ndani, si anachungulia uani.